Kidole na Kioo: Sababu ya Urahisi wa Simu za Kugusa

Bwana Mhariri ameniomba niandike maneno machache kwa sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu, nami nimekubali kwa furaha, maana nina deni. Siku ile ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, kijana mmoja wa Kidato cha Pili alinijia chini ya mwembe akaniuliza hivi: "Mzee, mtoto wa dada yangu ana miaka miwili. Hata kusema hajui sawasawa. Lakini akiishika simu ya baba yake, huzitafuta picha anazozipenda mpaka akazipata. Mimi nimefundishwa kompyuta muhula mzima na bado napotea. Je, mtoto yule amenishinda akili?" Wenzake wakacheka. Kengele ya chakula ikalia kabla sijamjibu. Basi leo namjibu yeye, nanyi nyote msikie.

Kwanza nijijulishe kwa wasionijua. Nilimaliza masomo katika shule hii zamani kidogo, nikajifunza ufundi wa umeme, na sasa ni miaka mingi natengeneza simu katika kibanda changu mjini Kampala. Simu nyingi ninazoletewa zina ugonjwa mmoja tu, nao ni kioo kilichovunjika. Kwa hiyo habari za kioo nazijua kwa mikono, wala si kwa kusoma peke yake.

Mkono mbali na jicho

Wote mwaujua mchezo wa bao, ambao hapa Uganda twauita mweso. Mchezaji huliona shimo, huziona kete, hupeleka mkono, huchota, hugawa. Hakuna kitu kati ya wazo lake na kete. Sasa fikiri kwamba umekatazwa kuligusa bao. Umepewa mtumishi aliyekaa chumba cha pili, na kila unapotaka kucheza huna budi kumwandikia barua: "Chukua kete za shimo la tatu, safu ya pili, ugawe kuelekea kushoto." Ukikosea herufi moja, mtumishi anairudisha barua akisema hakuelewa. Je, mchezo huo ungekuwa na raha?

Ndivyo zilivyokuwa kompyuta za zamani. Mtu aliandika amri kwa kibodi, tena kwa maneno yale yale ambayo mashine ilifundishwa. Asiyeyajua maneno hayo alikaa mbele ya kompyuta kama mgeni katika nchi asiyoijua lugha yake.

Mwaka 1968, mjini San Francisco, Mmarekani Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wenziwe kifaa kidogo ambacho ukikisukuma mezani, alama huenda huku na huku juu ya kioo. Ndicho tunachokiita kipanya. Hii ilikuwa hatua kubwa, maana mtu hakuwa na haja tena ya kukariri maneno: aliona kitu, akakielekea. Lakini bado lilikuwa jambo la kucheza bao kwa kijiti kirefu. Mkono uko mezani, jicho liko kwenye kioo. Mkono ukienda mbele, alama hupanda juu. Sisi tuliozoea hatulioni jambo hilo, lakini mgeni huliona. Nimepata kumwona mzee mmoja akikinyanyua kipanya na kukielekeza kwenye kioo kama tochi. Vijana walimcheka. Walimcheka bure, kwa sababu alifanya lile ambalo akili ya binadamu hulifikiri kwanza.

Kioo cha kugusa kimekiondoa kile kijiti. Unachokiona ndicho unachokigusa, na pale unapotazama ndipo mkono wako ulipo. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya urahisi wake, nayo ni kubwa kuliko nyingine zote.

Wazo hili lilianza wapi?

Wengi hudhani kwamba kioo cha kugusa kilizaliwa mwaka 2007, kampuni ya Apple ya Marekani ilipoitoa simu yake ya iPhone. Sivyo. Mwaka 1965 Mwingereza E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha serikali cha utafiti wa rada mjini Malvern, alichapisha maelezo mafupi ya kioo cha namna hiyo. Aliwafikiria watu waongozao ndege. Mtu wa kazi hiyo hana nafasi ya kuandika amri ndefu huku ndege zikimjia kutoka kila upande. Ni heri aguse tu.

Mwaka 1972, katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, zilitumika mashine za kufundishia zilizoitwa PLATO IV. Kioo chake kiligawanywa miraba 16 kwa 16, na mbele yake ilipita mionzi isiyoonekana kwa macho. Mwanafunzi alipolinyoshea kidole jibu, mionzi ilikatika, na mashine ikajua ni mraba upi ulioguswa.

Mwaka 1973 wahandisi Frank Beck na Bent Stumpe wa CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, walitengeneza kioo chao kwa ajili ya mtambo mpya wenye mzunguko wa karibu kilomita 7. Kuuendesha mtambo ule kwa desturi ya siku zile kungetaka vitufe na swichi kwa maelfu, ukuta mpaka ukuta. Wao wakatengeneza kioo chenye vitufe 16 tu, ambavyo majina yake yalibadilika kwa kadiri ya kazi iliyokuwapo. Mtambo ulipoanza kazi mwaka 1976, viliendeshwa kwa vioo hivyo mambo ambayo yangejaza chumba kizima.

Na katika miaka ya 1990 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Delaware, Wayne Westerman, aliumwa mikono kwa sababu ya kupiga kibodi. Yeye na mwalimu wake John Elias wakatengeneza kibao laini kinachovitambua vidole vingi kwa mara moja. Apple waliinunua kampuni yao ndogo mwaka 2005, na miaka miwili baadaye dunia ikaona watu wakiikuza picha kwa kutanua vidole viwili.

Tazameni jambo moja katika habari hizi. Kila mmoja wao alianza na mtu aliyeelemewa: mwongoza ndege, mwanafunzi, mwendesha mitambo, mgonjwa wa mikono. Hakuna aliyeanza kwa kutaka kitu cha kung'aa.

Kioo hujuaje kwamba kimeguswa?

Ziko namna nyingi, nami nitaeleza mbili. Namna ya kwanza ina tabaka mbili nyembamba zipitishazo umeme, zilizoachana kidogo sana. Ukibonyeza, tabaka ya juu inainama na kuigusa ya chini, umeme unapita, na mashine inapima ni mahali gani. Kioo hiki hukubali kidole, kucha, hata kijiti, maana hutaka kubonyezwa tu.

Namna ya pili ndiyo iliyomo katika simu zenu. Chini ya kioo cha juu kuna mistari isiyoonekana, mingine imelala, mingine imesimama, kama nyuzi za mkeka. Imetengenezwa kwa madini yapitishayo umeme na kuacha mwanga upite. Kila mistari miwili inapokutana pamewekwa chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, nao hupitisha umeme. Kidole kikikaribia, huvuta sehemu ndogo ya chaji ile. Kifaa kidogo ndani ya simu huzikagua njia panda hizo zote, mara 60 au zaidi kwa sekunde moja, na palipopungua ndipo kilipo kidole.

Kwa hiyo kioo cha simu hakisikii nguvu zako. Mara nyingi watu huja kibandani wakikibonyeza kioo kama wanaoua kunguni. Haifai kitu. Kioo husikia umeme wa mwili wako tu. Ndiyo maana hakimtambui mtu aliyevaa glavu nene, wala hakikubali ukucha.

Mama mkubwa na siri zake

Sasa nataka niwaambie habari ya nyumbani kwetu, maana ndiyo iliyonifanya nifikiri sana juu ya mambo haya.

Mama yangu mkubwa anakaa kijijini, upande wa Arua. Hakupelekwa shule. Kwa miaka mingi alikuwa na simu ndogo ya vitufe, na kuipokea alijua. Lakini binti yake anakaa Juba, na kupiga simu mpaka huko ni ghali, basi binti humwandikia. Kila barua ilipoingia, mama mkubwa alimwita mtoto wa jirani amsomee, na jibu aliliandika mtoto yule yule. Habari za mume mlevi, habari za deni, habari za ugonjwa wa kike, zote zilipita kinywani mwa mtoto wa watu. Kijiji kizima kilizijua. Mama mkubwa hakulalamika, ila taratibu akaacha kutuma salamu.

Nilipokwenda likizo nilimpelekea simu ya kugusa. Mwanzo ilikataa. Vidole vyake vimekuwa vigumu kwa jembe, na ngozi yenye sugu haivuti chaji vizuri. Nikambandulia ile plastiki nene ya juu, nikamwonyesha atumie tumbo la kidole badala ya ncha, ikaitika. Nikaweka picha za nyuso za watoto wake. Nikamwambia: "Mama, ukitaka kusema na mtu, mguse usoni. Kisha shikilia hii picha ya kipaza sauti, useme, uachie." Hakuna herufi hata moja aliyohitaji.

Jioni ile ile aliniomba nitoke nje. Nikakaa uani, nikasikia sauti yake ndani kwa muda mrefu. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na hakuniambia alichosema. Wala sikuuliza. Ilikuwa siri yake na binti yake, nayo mwishowe ilikuwa siri kweli.

Siku zile nilijifunza sababu nyingine za urahisi. Ya pili ni hii: kitu kilichoguswa hujibu papo hapo. Ukiisukuma picha, inafuata kidole kama karatasi mezani. Ikichelewa hata kidogo, mtu hudhani amekosea, anagusa tena, mambo yanaharibika. Ya tatu: kosa halileti msiba. Ukifungua pasipotakiwa, unarudi ulikotoka. Mtoto wa miaka miwili hana hofu ya kuharibu, kwa hiyo anajaribu mara mia na kujifunza. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaogopa mwalimu na bei ya kompyuta, kwa hiyo anajaribu mara mbili tu. Ya nne ni ukubwa wa vitu. Mwaka 1954 Mmarekani Paul Fitts alionyesha kwa hesabu kwamba kitu kilicho mbali na kidogo huchukua muda mrefu zaidi kukifikia kuliko kilicho karibu na kikubwa. Kidole si ncha ya sindano. Anayepanga vitufe vidogo vilivyosongamana amemtegea mwenzake mtego.

Lakini nisiwadanganye kwamba mama mkubwa aliyajua yote kwa kutazama. Zile nukta tatu zilizoko pembeni, alidhani ni uchafu akazifuta kwa kanga. Na kushikilia kidole kwa muda mrefu ili mambo mengine yatokee, nani angelijua hilo bila kuambiwa? Halionekani popote. Yaliyo rahisi ni yale yanayofanana na kazi ya mikono tangu zamani: kugusa, kusukuma, kuvuta, kutanua. Yaliyobaki ni mapatano ya watengenezaji, nayo hutaka kufundishwa kama alfabeti.

Usiku wa mvua

Mwaka uliofuata nilipata somo la pili, nalo lilikuwa chungu. Usiku mmoja mjukuu wa mama mkubwa alishikwa na homa kali, akaanza degedege. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu. Mama mkubwa akambeba mgongoni mpaka barabarani, akatoa simu ampigie kijana wa bodaboda. Kioo kikalowa. Picha zikaruka huku na huku, zikafunguka asizozitaka, na uso wa yule kijana hakuupata. Akafuta kwa kanga, lakini kanga nayo ililowa.

Ninyi mliosoma vizuri sehemu ya umeme hapo juu mwajua sababu. Matone ya mvua nayo yanagusana na ile chaji, na kioo hakiwezi kulitenga tone na kidole. Vitufe vya ile simu yake ya zamani vingekubali hata vikiwa vimelowa. Mama mkubwa alikimbia mpaka nyumba ya mwalimu, ambaye bado alikuwa na simu ya vitufe, na bodaboda ikaja. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini niliposimuliwa nilinyamaza, kwa sababu ni mimi niliyempa ile simu na kumwambia kwamba ya zamani atupe.

Jambo kama hilo limewapata hata wenye nguvu. Tarehe 21 Agosti 1917 ilikwisha pita zamani bila vioo vya kugusa, lakini tarehe 21 Agosti 2017 manowari ya Marekani iitwayo USS John S. McCain ilikuwa ikikaribia Singapore kabla ya mapambazuko, katika njia yenye meli nyingi. Manowari hiyo iliongozwa kwa vioo vya kugusa. Nahodha aliamuru kazi igawanywe, mmoja ashike usukani na mwingine mwendo. Katika kuhamisha kazi juu ya vioo, usukani nao ulihamia upande wa pili, na aliyekuwa nao akadhani umeharibika. Walipopunguza mwendo, ilipungua panka ya upande mmoja tu, kwa kuwa hazikuwa zimeunganishwa. Manowari ikageuka kushoto, ikagongana na meli ya mafuta Alnic MC. Mabaharia 10 walikufa.

Wachunguzi wa Marekani waliotoa taarifa yao mwaka 2019 walilaumu zaidi uhaba wa mafunzo na usimamizi mbaya. Lakini walisema pia kwamba vishikio vya mkono vingewajulisha mabaharia hali ya panka zao, jambo ambalo kioo hakikuwaambia. Kishikio halisi mtu hukisikia mkononi hata gizani: kimoja kiko mbele, kingine kiko nyuma. Kioo ni bapa tu. Mwaka ule ule jeshi la maji la Marekani likatangaza kurudisha vishikio.

Asiyeona

Hapo mtaniuliza: kama kioo ni bapa, kipofu atafanya nini? Swali zuri. Vioo hivi vilipotokea vilikuwa ukuta mbele ya wasioona, ambao vitufe vya zamani walivijua kwa kupapasa. Mwaka 2009 simu za iPhone, na baadaye zile za Android pia, zikaanza kusomea watu kilicho chini ya kidole. Asiyeona hutembeza kidole polepole, simu inamtajia kila kitu, na akikipata akitakacho hugusa mara mbili. Mmoja wa wateja wangu haoni kabisa, naye huandika upesi kuliko mimi. Ukuta haukubomoka wenyewe. Ulibomoka kwa sababu watu walimfikiria aliyeachwa nje, wakampa sikio mahali pa jicho.

Jibu langu

Basi, kijana wangu wa Kidato cha Pili, mtoto wa dada yako hajakushinda akili. Amepewa kitu kilichopangwa kufuata mikono yake, nawe umepewa kitu kinachotaka mikono yako ikifuate. Usione haya. Unapopotea katika mashine, jiulize kwanza kama aliyeitengeneza alikufikiria.

Na ninyi ambao siku moja mtatengeneza mashine, au mtawanunulia wazazi wenu, nawaachia shauri moja. Msiulize kama kitu ni cha kisasa. Ulizeni ni nani atakayekishika, mikono yake ikoje, macho yake yako wapi wakati huo, na itakuwaje usiku wa mvua. Kidole juu ya kioo ni rahisi pale jicho lina nafasi ya kutazama na kosa laweza kurudishwa. Pale ambapo jicho lina kazi nyingine na kosa huua, mpe mtu kitufe.

Mama mkubwa sasa ana simu mbili. Ya kugusa hukaa nyumbani, mezani, kwa ajili ya Juba. Ile ndogo ya vitufe, ambayo bahati njema hakuitupa, huifunga pembeni mwa kanga kila atokapo. Nilipomwona hivyo mara ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, hii ni ya maneno, na hii ni ya shida." Mimi fundi sikuwa na la kuongeza.